Pikipiki ya Kumkomoa Kapteni

Kapteni ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, kwa hiyo nina haki zote za kusema kwamba hana adabu. Jina la Kapteni alipewa na wenzake wa pikipiki, kundi la watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao, wengine na wake zao viti vya nyuma, ambao kila Jumamosi asubuhi hukutana mjini, hujipanga kwenye barabara kuu mmoja nyuma ya mwingine, yeye mbele, na kupanda mlima mpaka kwangu. Mimi nina mgahawa juu kabisa, pale barabara inapomaliza kujipindapinda. Wanakunywa chai, wanakula mayai, wanasifiana, wanateremka. Ni wateja wazuri, sikatai. Lakini uteja wake haunifungi mdomo.

Ninayetaka kusimulia habari zake siye yeye. Ni wifi yangu, aliyekuwa mke wake. Watu huniuliza, "Mbona bado unamwita wifi na wameshaachana?" Nawajibu kwamba talaka aliiandika mdogo wangu, mimi sikuandika kitu.

Wifi ni mfupi, mnene kidogo wa mikono, na kazi yake ni kukata na kusugua vioo vya miwani. Ana chumba nyuma ya duka la miwani mjini, chumba kisicho na dirisha la maana, chenye mashine inayozunguka huku ikidondoshewa maji, na aproni yake ina ukungu mweupe kifuani ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Ukiongea naye hukutazama pua kwanza, halafu masikio, halafu ndiyo macho. Wageni hudhani wana kitu puani, wanaanza kujipangusa. Ni mazoea ya kazi tu, anakupima fremu bila mwenyewe kujua.

Miaka yote ya ndoa alikaa kiti cha nyuma cha pikipiki ya mume wake. Kwenye kona, Kapteni akilala kushoto naye alilala kushoto. Makoti ya mvua alibeba yeye, maji ya kunywa alibeba yeye, na jua likiwa kali yeye ndiye aliyemkumbusha bwana wake kupumzika. Wakifika kwangu, Kapteni alishuka akinyoosha miguu na kusimulia jinsi *alivyoikata* kona fulani, utadhani alikuwa peke yake. Wifi aliingia jikoni kunisaidia kukatakata vitunguu, na hakulalamika. Nilikuwa namwambia, "Wewe una moyo wa chuma." Anacheka tu.

Sasa sikiliza alichofanya huyo ndugu yangu.

Jumamosi moja alimwambia mkewe kwamba pikipiki iko kwa fundi, safari hakuna. Wifi, kwa kuwa hana makuu, akapanda basi akaja kwangu kunitembelea. Tukiwa tumesimama barazani, yeye kashika sinia la vikombe, tukasikia ngurumo mlimani. Kapteni huyo, mbele kama kawaida, na nyuma yake kakaa mwanamke mwenye kucha ndefu nyekundu, kamkumbatia kiuno. Kundi zima likazima injini. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, mtu mstaarabu, akajisahau akauliza, "Kapteni, na mwenye kiti yuko wapi?" Mdogo wangu akamwona mkewe pale mlangoni. Mwanamume mwenye haya angemeza mate. Yeye akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Aa, tumebadilisha mzigo tu. Ule wa zamani ulikuwa umezidi uzito."

Na wakacheka. Si wote, wengine walitazama viatu vyao, lakini waliocheka nawakumbuka kwa sura mmoja mmoja, na tangu siku hiyo mayai yao nayakaanga mpaka yanakuwa magumu.

Wifi hakudondosha hata kijiko. Aliwagawia vikombe wote, hata yule wa kucha, akarudi jikoni, akanawa mikono mpaka viwikoni jinsi anavyonawa akitoka kwenye mashine yake. Nikamshika bega nikidhani atalia. Akaniambia, "Wifi, nataka pikipiki."

"Pikipiki?"

"Nataka nimpite. Hapa hapa mlimani, mbele ya hao waliocheka. Nataka anione mgongo."

Nikamkumbatia. Damu yangu ilikuwa inachemka, na nilikula kiapo pale pale juu ya karai la vitunguu kwamba nitamsaidia mpaka mdogo wangu akione cha mtema kuni.

Talaka ilikuja, wifi akaondoka na nguo zake na redio. Jumapili akawa anajifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, kwa mwalimu mmoja wa udereva mwenye pikipiki kuukuu iliyokuwa inazimika kila ikisimama. Alianguka, akachubuka magoti, akapaka dawa, akarudi. Alipopata leseni alinipigia simu na neno lake la kwanza halikuwa "nimefaulu." Alisema, "Bado pikipiki yenyewe."

Tukaenda dukani pamoja. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa na mdomo mtamu wa watu wa biashara.

"Karibuni mama zangu. Mnamnunulia nani?"

"Mimi mwenyewe," wifi akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa inipeleke kazini, kwenye foleni. Jumamosi barabara kuu, mwendo mrefu. Na mlima."

Kijana akatupeleka kwanza kwenye pikipiki ndogo, injini ya mia mbili na hamsini, nyepesi, akaisifu kwamba haili mafuta na inapenya foleni yoyote. Wifi akauliza, "Barabara kuu je?"

"Inafika, mama."

"Najua inafika. Inafika imetulia au inalia?"

Kijana akajikuna kichwa. "Mlimani italia kidogo."

"Na lori likinipita ubavuni?"

"Hapo... utaisikia inayumba."

Tukaiacha. Mimi macho yangu yalikuwa yameshatua kwingine. Kwenye kona ilisimama moja nyekundu, ya mia sita na hamsini, ndefu, kifua mbele, ndugu wa ile ya Kapteni ila mpya na yenye nguvu zaidi. Nikaipigapiga tangi. "Wifi, hii! Hii hii! Ukimpita na hii, atakula vumbi na kuomba maji."

Wifi akaizunguka. Kisha akapanda, lakini akakaa kiti cha nyuma.

"Mama," kijana akasema kwa upole, "dereva anakaa mbele."

"Najua. Naanza na ninakokujua."

Akamwomba awashe injini. Akafumba macho pale nyuma, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza habari redioni. Akasema kiti kimeinuka mno, abiria atamlalia dereva kila breki ikishikwa, na mtetemo unapanda mpaka menoni. Ndipo akahamia mbele. Vidole vya miguu viligusa sakafu kwa shida. Kijana akasema, "Unazoea." Wifi akajaribu kuisukuma kinyumenyume kwenye mteremko mdogo wa pale uani, ikamlemea ubavu mmoja, na kama si mimi na kijana kuidaka, ingelala naye chini. Tukabaki wote watatu tunahema.

"Unazoea kweli," mimi nikamnong'oneza. "Fikiria sura yake tu."

Aliifikiria, nilimwona. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ile rangi nyekundu, unaipapasa. "Roho inaitaka hii, wifi," akasema. "Nisikudanganye. Usiku wote nimekuwa naendesha ya namna hii kichwani." Kisha akaondoa mkono. "Dukani kwetu kuna wateja wanakuja na picha ya mtu maarufu kwenye simu, wanataka fremu kama yake. Nawaambia, miwani inakaa kwenye pua yako, siyo kwenye pua yake. Hawasikii. Baada ya siku chache wanarudi wana vidonda nyuma ya masikio."

"Sasa miwani imeingiaje hapa?"

"Hii ni fremu ya Kapteni," akasema.

Nilinuna. Ndiyo, nilinuna, kwa sababu mimi nilitaka ile nyekundu na nilikuwa nimeshaiona kichwani ikiingia mgahawani kwangu. Wifi akaniacha na kununa kwangu, akaenda kwenye ya tatu, ambayo hata kijana hakuwa ameisifu. Ya mia nne, silinda mbili, rangi ya sufuria, haina makeke. Akapitia mchezo wake tena, nyuma kwanza, mbele baadaye. Nyayo zote mbili zikatulia sakafuni. Magoti yakaingia pembeni ya tangi vizuri, mikono haikunyooka mno wala kukunjika mno. Akaisukuma nyuma, mbele, nyuma tena. Halafu akawasha na kukaa tu.

Akakaa sana. Kijana akadhani amesinzia. Kumbe anangoja injini ipate moto mpaka feni iwake, ajue joto linamwelekea wapi miguuni, maana kwenye foleni ya mjini utasimama juani ukipikwa. Kisha akaanza kuvuta mafuta kidogo kidogo huku akiangalia vioo vya pembeni, si barabara.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Namtafuta yule bwana aliyesimama mlangoni. Injini ikizidi, anatetemeka? Hapana. Namwona mpaka vifungo vya shati." Akamgeukia kijana. "Kioo kikitetemeka sioni, na nisipoona nachoka. Tangi likijaa nitafika mji wa pili na kurudi nusu njia?" Utafika. "Breki inashika bila kufunga tairi, hata kwenye mvua?" Ndiyo, mbele na nyuma. "Vipuri vipo hapa au naambiwa viko melini?" Vipo. "Naweza kufunga kioo cha kuzuia upepo kifuani?" Kinafungwa leo leo. Akaenda kuijaribu barabarani, akarudi, akavua helmeti, uso umeloa jasho na umetulia.

"Lakini hii haitampita kwenye mnyooko," nikamwambia kwa hasira.

"Mlima una mnyooko gani?"

Nikaifuata barabara ya mlima kichwani, kona kwa kona.

"Kwenye kona huwa anashika breki katikati, akiwa ameshalala," akasema. "Anaogopa, hajawahi kusema, lakini anaogopa. Pikipiki yake inatanua mpaka mstari wa katikati halafu anaivuta. Mgongo ule nimeutazama miaka yote, naujua kuliko daktari wake. Pale pale atakapotanua, ndipo nitakapopita kwa ndani."

Kununa kukaniishia. Akamwambia kijana atoe kiti cha nyuma na vikanyagio vyake, aweke keria ya chuma. Kijana akauliza, "Na ndugu akitaka lifti?"

"Apande basi."

Basi, tukawa na pikipiki. Asubuhi akawa anapita katikati ya magari na mkebe wa vioo vya wateja umefungwa kwenye keria, hakuna hata kimoja kilichowahi kupasuka. Wenzake kazini wakasema amenenepa roho. Jumapili akawa anapanda mlima peke yake, asubuhi ambapo malori ni machache, anafika kwangu, anakunywa maji, anateremka, anapanda tena. Nilikuwa namuuliza, "Bado?" Anajibu, "Bado. Kona ya tatu sijaipenda." Chuki ile aliitunza vizuri, hakuiacha ipoe wala haikumchoma mikono. Mimi yangu ilikuwa inanichoma kila siku, kwa sababu Kapteni aliendelea kuja na yule wa kucha, ambaye nilikuwa nimempa jina hilo hilo, Kucha, naye aliendelea kuniagiza chai isiyo na sukari kama vile hajui amekalia kiti cha nani.

Jumamosi ikafika. Wifi alikuwa ameniambia atawangoja kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, wakishapita aingie nyuma yao. Barazani kwangu unaiona barabara yote, inavyopanda kwa kukunjwakunjwa mpaka mlangoni. Nilizima jiko. Mteja mmoja akauliza chapati, nikamwambia asubiri, leo kuna shughuli.

Wakatokea chini, wamejipanga. Na nyuma kabisa ile rangi ya sufuria. Kona ya kwanza akampita mmoja wa waliocheka. Nikapiga makofi. Akampita wa pili, kwa ustaarabu, taa imewaka, kajipa nafasi. Akampita mwalimu wa hesabu, ambaye alimpungia mkono. Kufika kona ya tatu alikuwa nyuma ya Kapteni, karibu kiasi cha kuhesabu kucha za yule dada.

Kapteni alimwona kwenye kioo, na alimjua. Nilijua kwamba amemjua kwa sababu pikipiki yake iliruka mbele kwa kelele. Akaingia kona kwa kasi ya kijinga, akatanua, sawasawa na wifi alivyosema, mpaka mstarini. Upande wa ndani ukabaki wazi, mpana kabisa. Nikapaza sauti mpaka wateja wakainuka. "Pita! Pita, wifi! Mpite huyo!"

Hakupita.

Nikaona mkono wa Kucha umeachia kiuno, unampiga Kapteni ubavuni, mara mbili, mara mbili tena. Kapteni akazidisha mwendo. Na wifi yangu, ambaye nilimsubiri siku hiyo kama wengine wanavyosubiri mshahara, akaachia mafuta. Nilisikia injini yake ikishuka sauti. Akarudi nyuma, akaacha pengo refu, akapanda kona zilizobaki polepole kama anakwenda kazini. Kapteni naye, kwa kukosa wa kushindana naye, akapunguza.

Hasira niliyokuwa nayo sijui niiseme vipi. Nilitamani kumtupia sufuria.

Kapteni akaingia uani amevimba kichwa, akavua helmeti kabla hata ya kuweka stendi. "Mmemwona?" akawaambia wenzake walivyokuwa wanafika. "Pikipiki nyepesi, peke yake, na bado nimemwacha! Na mimi nina mzigo mgongoni!"

Kucha alikuwa ameshashuka. Akakaa kwenye ngazi ya baraza bila kujali vumbi. Aliposikia neno hilo aliinua uso akamtazama Kapteni, na Kapteni hakuona, alikuwa anawaonyesha watu kwa mikono jinsi alivyolala kona.

Wifi akaja akapaki pembeni. Nikamrukia. "Kwa nini hukumpita? Nafasi ilikuwa wazi!"

"Ningempita angesema pikipiki yake ina hitilafu," akasema taratibu, huku akivua glovu. "Angekimbizana na mimi hadi juu, na huyo binti yuko nyuma. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mmoja, si wawili." Akanipita, akaenda kukaa kwenye ngazi, karibu na Kucha. Watu wote walidhani wanawake watashikana nywele. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na nilikuwa nimeshakunja mikono ya gauni nimsaidie.

"Alikwambia ukimgonga ubavuni mara mbili atapunguza mwendo," wifi akamwambia.

Kucha akaitikia kwa kichwa.

"Amewahi kupunguza?"

Kucha akatikisa kichwa. "Leo nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi."

"Mimi nilikuwa nagonga miaka yote," wifi akasema. "Siku moja nikaacha, nikadhani nimezoea." Hakusema kwa sauti kubwa, ila kila mtu uani alisikia. Wake wa wale wanaume wengine, waliokuwa wanashuka kutoka viti vyao vya nyuma, walisikia vizuri zaidi. Mmoja akamgeukia mumewe akamtazama, na mumewe akaanza kutafuta kitu mfukoni.

Kapteni akaja akicheka kwa shida. "Haya, maneno yameisha. Mama, panda twende, leo tunateremka mapema."

Kucha hakuinuka.

"Nakwambia panda."

"Nenda," Kucha akasema. "Mimi narudi na basi."

"Umemlisha nini huyu?" Kapteni akamkaripia wifi.

"Sijamlisha kitu. Nimemuuliza swali."

Akanigeukia mimi sasa, uso umekuwa mdogo, ule uso aliokuwa nao akivunja sahani utotoni na kunitafuta nimfiche. "Dada. Mwambie apande. Watu wanatutazama."

Nilimtazama. Nikakumbuka nani aliyembeba mgongoni akiwa na homa, nani aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Kisha nikamwuliza Kucha kama atapenda chai yake niitie sukari leo, maana amepata mshtuko, naye akasema ndiyo, nyingi.

Kapteni akavaa helmeti. Akapiga honi mara moja, ile honi ya kuwaita wenzake wajipange. Mwalimu wa hesabu akavuta kiti akaagiza mayai. Wengine wakaanza kukagua minyororo ya pikipiki zao, ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mmoja wa waliocheka siku ile alimwamkia wifi kwa heshima akamuuliza pikipiki hiyo ni ya mia ngapi, mke wake anataka kujua.

Mdogo wangu akashika njia ya kuteremka, mbele kama kawaida yake, na nyuma yake hakufuata mtu. Nilisimama barazani nikamwangalia kona baada ya kona mpaka alipopotea, na sikumwonea huruma hata chembe.